Nyekundu ya Mama Mwenye Nyumba

Kutembea barabarani na mwenye nyumba wangu wa Temeke kulihitaji moyo. Unamweleza jambo lako la maana, yeye macho yamemganda kwenye kiuno cha mwanamke aliyetangulia mbele yenu. Si kiuno alichokuwa akikitazama. Alikuwa anakagua kanga. Akishamaliza kukagua anatoa hukumu kwa sauti ambayo mwenye kanga lazima aisikie: "Pindo limeonewa hilo. Limebanwa kama mguu kwenye kiatu cha mtoto." Halafu anaongeza mwendo, anamfikia yule mwanamke, anamshika bega, anamsalimia kwa adabu zote na kumuuliza kainunua wapi. Wengi waliachana naye wakicheka. Mmoja, karibu na sokoni, alimwambia ashike njia yake.

"Nimeshaishika, mwanangu," akajibu, "na ndiyo hii hii yako."

Mimi nilikuwa mpangaji wake, chumba cha mwisho cha korido, kile kinachopakana na jiko. Nilikuwa nimetoka Mbeya kuja kufanya kazi ya ukatibu muhtasi katika kiwanda kidogo cha plastiki Mikocheni, miaka ile ambayo kila wiki kulifunguliwa duka jipya na kufungwa kiwanda cha zamani. Nyumba nzima tulimwita Mama Mwenye Nyumba, na mtaa nao ukafuata. Yeye aliniita Mpangaji. Jina langu alilijua vizuri, ila alisema majina yapo mengi na mpangaji anayelipa ni mmoja.

Kazi yake ilikuwa kuchora kanga. Aliifanya kwa miaka mingi kwenye kiwanda cha nguo, katika chumba cha wachoraji chenye madirisha marefu, mpaka kiwanda kilipouzwa na mnunuzi akaona kinafaa zaidi kuwa ghala. Wenzake walitoka wakilia. Yeye alitoka amebeba kigoda chake kichwani na brashi zake mkononi, na mlinzi wa getini alipotaka kumzuia alimuuliza kama amewahi kumwona mtu akinyang'anywa vidole vyake. Kuanzia hapo alichorea nyumbani, kwenye karatasi kubwa alizozitandaza sakafuni, na kazi yake akamuuzia tajiri mmoja wa Kariakoo aliyekuwa akipeleka michoro India na kurudi na marobota ya kanga.

"Kiwanda kimekufa," alipenda kusema, "lakini mkono wangu hawakuununua."

Kodi zetu zilitosha kumlisha. Lakini mtu ambaye kazi ya mkono wake imevaliwa na wake za watu kutoka Tanga hadi Lindi hawezi kuridhika na kukusanya kodi.

Majina ya kanga, yale maneno yanayoandikwa chini, aliyatunga mwenyewe, na yalikuwa makali kama siki. HODI SI RUHUSA lilikuwa lake. UMENUNA BURE, MIE NIMESHALALA lilikuwa lake pia, na lilimletea maneno na nusu ya akina mama wa mtaa, kila mmoja akiamini ndiye aliyenuna. Na bado, katika miaka yote niliyokaa kwake, sikumsikia hata siku moja akigombana na mtu uso kwa uso. Alikuwa mwoga wa ugomvi kupita mtoto. Wapangaji wawili walipokorofishana juu ya nafasi ya jiko la mkaa, wakapitana koridoni wiki nzima bila salamu, yeye alijifanya haoni. Kisha asubuhi moja tukakuta kwenye kamba ya nguo kanga moja aliyoichapa kwa mkono: MKAA NI WAKO, MOSHI NI WETU SOTE. Wote wawili waliisoma. Kila mmoja akadhani anayesemwa ni mwenzake, akamwonea huruma, wakapatana.

Maji aliyabania kama dhahabu. Ukioga ndoo mbili alikuwa anaijua ya pili kwa mlio wake. Chakula je? Hapo alikuwa mtu mwingine. Mwezi wa Ramadhani sikuwahi kupika jioni, futari ilinikuta chumbani, mimi Mkristo wa Kilutheri nisiyefunga. Krismasi ilipofika alinidai. "Pilau iko wapi, Mpangaji? Na isiwe ya kunusia nyama. Iwe ina nyama."

Na redio. Matangazo ya vifo yakianza, kila kitu kilisimama, hata sufuria ilishushwa. Aliwasikiliza marehemu wote mpaka wa mwisho, akawaombea, kisha akanigeukia.

"Huyu wa Tukuyu humjui?"

"Mama, Mbeya ni kubwa."

"Kubwa kuliko kifo?"

Nikairudisha sufuria jikoni.

Kompyuta ililetwa kwa mkokoteni, imeviringishwa godoro kuukuu. Mpwa wake aliyekuwa akifanya kazi ofisi ya kutoa mizigo bandarini alikuwa amepewa mashine iliyochoka, ofisi iliponunua mpya, naye akaona shangazi yake achoree humo. Ikawekwa sebuleni juu ya meza ya cherehani. Kwa siku kadhaa majirani walikuja kuitazama, wakaondoka wakisema ni televisheni isiyo na habari.

Panya wa kompyuta alimtesa. "Ni kama kuchora kwa kipande cha sabuni," alilalamika, na kweli mstari wake wa kwanza uliteleza kutoka kona hadi kona. Lakini aling'ang'ana. Aliivaa miwani yake, akafunga ushungi vizuri, akakaa mbele ya kioo kila siku baada ya sala ya alfajiri mpaka mkono ukatii. Kilichomnasa hasa ni kile kitufe cha kufuta ulichokosea na kurudi ulipokuwa.

"Brashi haina toba, Mpangaji. Ukiteleza umeteleza. Hii ina toba!"

Mashine yenyewe, hata hivyo, ilikuwa na maradhi mawili. La kwanza, ilijua rangi kumi na sita tu. Ukitaka rangi ya chungwa ilikuchanganyia vidoa vyekundu na vya njano kama uso wenye ndui. La pili, kumbukumbu yake ilikuwa finyu. Mama alipochora ua kwenye kona moja na kutaka lijirudie kona zote, mashine ilisimama kutafakari, huku ndani kukisikika mkwaruzo kama mtu anayesaga mahindi ya kuazima. Aliweza kwenda kukuna nazi nzima, akarudi akakuta nusu ya ua. Siku nyingine iliganda kabisa, na kazi ya asubuhi yote ikapotea. Siku hizo aliifunika kanga, akaenda kukaa barazani.

Angeendelea hivyo, maana karatasi zake zilikuwepo. Ila Alhamisi moja jioni tajiri wa Kariakoo alikuja mwenyewe. Alikuwa mtu mpole, mcha Mungu, mwenye sauti ya chini. Nilikuwa napepeta mchele uani, nikasikia yote.

"Mama, wale wa India hawataki karatasi tena. Wanataka disketi. Wanasema kwenye karatasi wanazikisia rangi, wanakosea."

"Na kwenye disketi hawatakosea?"

"Ndivyo wanavyosema." Akakohoa kidogo. "Mie nasafiri Jumanne. Jumatatu mchana nitapita hapa. Zile kanga tatu za Idi nikizikuta kwenye disketi, naondoka nazo. Nisipozikuta, mama yangu, itabidi unisamehe. Kuna bwana mmoja Mikocheni ana mashine nzuri, ameshanichorea mbili za kuonyesha."

"Ana mkono?"

"Ana mashine nzuri," tajiri akarudia, akitazama viatu vyake.

Alipoondoka, Mama Mwenye Nyumba alikuja uani akasimama karibu yangu. Hakutania. Nilimwona kwa mara ya kwanza jinsi alivyokuwa mtu mzima, mabega yameshuka, mikono hajui aiweke wapi.

"Mpangaji, huko ofisini kwenu mashine zikiumwa nani anazitibu?"

Fundi wetu alikuwa na kibanda Sinza, kimebanwa katikati ya baa mbili, hivyo alizoea kuzungumza kwa kupaza sauti hata mahali palipo kimya. Kesho yake nilimpigia simu kutoka ofisini, na jioni ile ile alikuja na bisibisi yake kwenye mfuko wa shati. Alimwamkia mama, akavua viatu, akafungua kasha la kompyuta. Ndani kulikuwa na vumbi la kutosha kupanda mchicha, na pembeni, juu ya waya, mayai mawili meupe ya mjusi.

"Na hawa nao," mama akasema, "wamehamia bila hata kulipa kodi."

Fundi alipuliza, akachungulia, akagonga hapa na pale. "Mama, ishu sio mashine. Mashine nzima kabisa. Ishu ni hii kadi ya picha, ndiyo inayopeleka rangi kwenye kioo, na hii iliyojengewa humu ni dhaifu. Halafu memori ni ndogo."

"Memori ndiyo nini?"

Akafikiri. "Chukulia meza ya kukatia nguo. Yako ndogo. Ukitaka kuitandaza kanga nzima, huku unaikunja ndiyo huku uikunjue. Ndiyo maana inachelewa. Tukikupa meza kubwa, unatandaza mara moja."

"Sema hivyo tangu mwanzo, mwanangu. Nunueni meza."

Jumamosi tukaenda Kariakoo sote watatu. Katika duka lililouza pia pasi na betri za saa, muuzaji alituletea kadi ya picha, kipande cha kijani chenye vidude vyeusi, imefungwa kwenye gazeti. Mama aliipokea kwa mikono miwili, akaigeuza, akainusa.

"Ina rangi ngapi?"

"Mamilioni, mama."

"Zitaje."

Muuzaji alicheka, kisha akaona hacheki mwenzake. Akaanza: nyekundu, bluu, kijani, njano, zambarau... Alipofika rangi ya maziwa aliishiwa. Mama akamsamehe, akaichukua. Fundi naye akachagua memori, kipande kimoja kirefu chembamba, akasema hicho peke yake kina nafasi kushinda zile mbili za zamani zikiunganishwa. Tukarudi nyumbani tunajiona matajiri.

Kazi yenyewe ilifanyika Jumapili, kwa sababu Jumamosi jioni umeme ulikuwa wa zamu ya mtaa mwingine. Nilitoka kanisani nikapitiliza sebuleni na gauni langu la Jumapili. Fundi alikuwa ameshazing'oa zile memori mbili kuukuu na kuchomeka kile kipande kipya. Akawasha. Mashine ikapiga mlio mrefu, ikanyamaza, ikapiga tena. Kioo cheusi.

"Inasemaje?" mama akauliza.

"Inasema haioni memori." Akakitoa, akakifuta kwa shati, akakirudisha. Mlio ule ule. Akakihamishia nafasi ya pili. Mlio. Jasho likaanza kumtoka puani. Kisha akajipiga paji la uso. "Mungu wangu! Mama, nisamehe. Mashine za aina hii hazikubali memori moja. Lazima ziingie mbili zinazofanana, pamoja. Nimeona kubwa nikasahau."

Mama Mwenye Nyumba alimtazama, akakitazama kile kipande kilichokuwa mkononi mwake, akaanza kucheka taratibu, mpaka ushungi ukamshuka.

"Kumbe inauzwa doti! Umeninunulia kanga moja, baba, nami nina harusi kesho!"

Lakini kicheko kilipoisha shida ilibaki palepale. Lile duka la Kariakoo Jumapili lilikuwa limefungwa. Kesho yake mchana tajiri angegonga mlango. Zile memori za zamani zingerudi, ndiyo, na mkwaruzo wake, lakini kanga tatu zisingemalizika nazo hata kwa wiki. Nilimwona mama akiupangusa ukingo wa meza kwa kidole, ukingo ambao haukuwa na vumbi.

Fundi akainuka akatafuta viatu vyake.

"Unaenda wapi?"

"Sinza. Kwenye mashine yangu mie nina kama hii. Nakwenda kuing'oa."

"Na ya kwako itafanyaje kazi?"

"Itapumzika. Kesho nikipata nyingine nitaijaza. Braza wa baa ya jirani ndiyo ataumia, tulikuwa tunachezea karata humo."

Temeke hadi Sinza na kurudi, Jumapili, si safari ya kusema unafika sasa hivi. Alipokuwa hayupo mama hakukaa. Alipika wali wa nazi, samaki wa kukaanga, mchicha, maharage, akaniagiza ndimu, akaona hazitoshi akaniagiza tena. Fundi alirudi alasiri, shati limeganda mgongoni, kile kipande amekifunga kwenye leso. Mama alitaka ale kwanza. Fundi alitaka amalize kwanza. Nikasimama katikati yao na sahani.

Akavichomeka viwili, kimoja kando ya kingine. Akawasha. Mlio mmoja mfupi, wa kistaarabu, na kioo kikaamka kikaanza kuhesabu. Mama akapiga vigelegele hadi wapangaji wakatoka vyumbani kuuliza nani ameposwa.

Kisha ikaja zamu ya kadi ya picha. Ikaingia vizuri, ikafungwa kwa skrubu. Akawasha. Giza. Taa ya mashine inawaka, mashine inanguruma, kioo hakina hata nukta. Fundi akaitoa akairudisha. Giza. Wapangaji waliobaki mlangoni wakaanza kutoa ushauri: ipoeni, igongeni, izimeni muda wa kusoma Yasini. Fundi alikuwa ameshapita hatua ya kuona aibu. Alikaa chini kabisa, miguu ameinyoosha, anakitazama kioo kama mtu anayetazama mto uliochukua daraja.

Mimi ndiye niliyekwenda nyuma ya meza kuokota skrubu iliyoanguka. Nikaona waya wa kioo umeingia kwenye tundu la zamani, lile la kadi iliyojengewa ndani, na tundu la kadi mpya liko wazi, linang'aa.

"Braza," nikasema, "huu waya si ulipaswa kuhama nao?"

Aliuhamisha. Kioo kikawaka kikiwa kikubwa, cheupe, kikatulia. Fundi akaweka disketi iliyokuja na kadi, ile ya kuitambulisha kwa mashine, akabonyeza hapa na pale, mashine ikazima na kuwaka tena. Halafu akamwachia mama kiti.

Mama Mwenye Nyumba aliifungua ile kanga ya kwanza ya Idi, ile aliyokuwa ameichora wiki nyingi, yenye mikorosho kwenye pindo na mji, ile sehemu ya katikati, mwekundu. Ilijitandaza mara moja, kona zote nne, bila mkwaruzo. Tukashangilia.

Yeye hakushangilia. Alisogea karibu, akarudi nyuma, akavua miwani, akaivaa.

"Nani kachora hii?"

"Wewe, mama."

"Hii nyekundu ni yangu?" Sauti ilikuwa imekauka. "Inapiga kelele. Na haya majani, mbona kama ya kwenye keki?"

Ikabidi fundi amweleze, taratibu, kwamba rangi zile ndizo alizozichagua yeye mwenyewe siku zote. Ila mashine ya zamani haikuweza kuzionyesha, ilimpa za kukaribiana, naye kila alipoona hazikolei aliongeza. Alikuwa ameongeza na kuongeza. Sasa kioo kilikuwa kinasema kweli.

Nilidhani atalia, na nadhani alikaribia. Kisha akashusha pumzi.

"Kumbe nilikuwa nampaka mtu hina gizani," akasema. "Haya. Fundi, kula chakula chako, kimepoa. Mpangaji, niondolee watu mlangoni. Naanza upya."

Jumatatu niliporudi kutoka kazini nilimkuta tajiri barazani, kikombe cha chai mkononi, akingoja kwa upole wake ule ule tangu mchana. Sebuleni mama alikuwa bado ameinama. Ya kwanza na ya pili zilikuwa tayari. Ya tatu aliimalizia mbele yetu, na tajiri akaja kusimama nyuma ya kiti chake. Sikuwahi kumwona mtu yule akishangaa, lakini aliinama mpaka ndevu zikakaribia kugusa bega la mama. Nyekundu ile haikupiga kelele tena. Ilikuwa nzito, ya ndani, kama kitu kilichoiva.

"Mama," tajiri akasema, "huyo bwana wa Mikocheni nitamwambia asubiri."

"Mwambie asisubiri. Atafute kazi."

Akaondoka na disketi kifuani. Fundi alirudishiwa memori yake wiki ile ile, kipande cha kukamilisha jozi kiliponunuliwa, na alipooa mwaka uliofuata, kanga ya harusi yake ilichorwa na mama bila yeye kuomba, na jina la kanga lilikuwa ALIYEPUNGUKIWA KWA AJILI YANGU. Wageni hawakuelewa. Bibi harusi alidhani ni mapenzi, naye hakukosea sana.

Marobota yalifika siku chache kabla ya Idi. Mama alivaa buibui jipya, tukaenda Kariakoo kuyalaki. Tajiri alikata kamba, akafunua, na ile kanga ya mikorosho ikatokea. Pindo lilikuwa sawa. Majani yalikuwa sawa. Mji ulikuwa na rangi ya tofali.

Si nyekundu ya kelele, si nyekundu iliyoiva. Tofali. Huko kiwandani walikuwa wametia rangi waliyokuwa nayo kwenye pipa.

Nilimshika mkono nikihofia ataanguka. Na kweli alikaa, juu ya robota, lakini alikaa kwa sababu kicheko kilimkata miguu. Alicheka mpaka machozi, akijaribu kusema na kushindwa, akionyesha kanga kwa kidole. "Kadi mpya!" alisema hatimaye. "Doti ya memori! Mtoto wa watu kakimbia Sinza! Mbeya nzima imetoka kanisani na gauni lake!" Na akacheka tena. Kanga ile iliuzwa yote, wanawake waliipenda, tajiri akafurahi. Mama hakukubali kupongezwa kwa ajili yake. Ukimsifia alikujibu, "Msifu mwenye pipa."

Msimu uliofuata tajiri alikuja kuchukua michoro mipya. Mama alimpa chai, akamwonyesha kazi kwenye kioo, akaitia kwenye disketi mbele ya macho yake, kisha disketi akaitumbukiza kifuani pake, mahali ambapo mcha Mungu yule asingeweza kuifuata.

"Itakwenda India," akamwambia, "ila itakwenda na mwenyewe."

Mimi sikuyashuhudia yaliyofuata. Nilikuwa nimeolewa, tumehamia Sinza, na kila kilichopatikana tulikitia kwenye kiwanja tulichokinunua Kinyerezi, wakati huo kote mihogo na mikorosho. Jumamosi moja nilikuwa pale na mafundi ujenzi, ukuta umefika madirishani, nikaona mtu anakuja kwa miguu katikati ya mihogo, mwembamba, ameshika bahasha ya khaki, mwavuli kichwani. Nilimtambua kwa mwendo. Nikamkimbilia.

"Shikamoo mama! Umefikaje huku?"

"Marahaba. Kwa kuuliza. Kila mtu anajua nyumba ya yule mama wa Mbeya anayebishana na mafundi." Akaizunguka nyumba yangu isiyo na paa, akagonga ukuta, akaingia kwa mlango na kutokea kwa dirisha lililokuwa bado tundu tupu. "Korido nyembamba. Mtapigana vikumbo. Lakini jiko umelitenga na vyumba, hapo una akili." Kisha akakaa juu ya rundo la matofali, akanyoosha miguu, na akanieleza safari yake.

Tajiri alikuwa amemchukua pamoja na mkewe. Ndege haikumtisha. Chakula kilimtisha, walitia pilipili hata kwenye maembe. Kiwandani alipelekwa mpaka kwenye chumba cha rangi, kwa mzee mmoja aliyekuwa bwana wa mapipa, mtu wa makamo yake, haelewi Kiswahili, na yeye mama haelewi chake. Walisimama mbele ya pipa, kila mmoja akipiga kelele kwa lugha yake.

"Nikamwonyesha karatasi niliyoipaka nyekundu yangu kwa brashi. Akatikisa kichwa, akatia rangi, ikatoka tofali. Nikakataa. Akatia tena, ikatoka nyanya. Nikakataa. Wafanyakazi wote wamesimama wanatutazama. Tajiri anatetemeka pembeni, anaona biashara inakufa. Mzee akakasirika, akaanza kunisemea, anasema, anasema, mdomo wazi. Nikamtazama mdomoni." Akasimama kunionyesha, akiwa na mwavuli mkononi. "Mpangaji, mzee yule anatafuna tambuu! Mdomo mzima, meno, ulimi, mpaka huku kwenye ufizi, nyekundu yangu! Ile ile! Nikamshika kidevu. Mwanamume wa watu, nikamshika kidevu, nikamwambia, fumbua! Nikawaonyesha wote. Hii hapa! Mnaitafuta kwenye mapipa, kumbe mnayo mdomoni!"

"Akafanyaje?"

"Alishtuka. Kisha akaenda kwenye kioo kilichoning'inia ukutani, akajitazama meno. Akacheka, mtoto wangu, akacheka mpaka akatema. Pale chini alipotema akapiga magoti, akachukua pipa, akaanza kuchanganya huku anatazama sakafuni. Mara ya kwanza tu, akaipata."

Akafungua bahasha, akatoa doti mpya ambayo ilikuwa haijakatwa, akaikunjua kwa mtikisiko mmoja na kuitundika kwenye tundu la dirisha langu. Jua lilikuwa nyuma yake. Nyekundu ile ikajaza chumba kizima, ukuta wa saruji, ndoo, mikono yetu. Mafundi ujenzi wakaacha kuchanganya zege, wakasimama na makoleo yao.

Nilitaka kusema kitu kizuri. Nilichosema ni, "Mama, imeiva."

"Najua." Alikuwa ameshaanza kufunga ushungi. Nikamwambia akae, naenda kumtafutia japo dafu. Akakataa, akaufungua mwavuli wake.

"Nikae nini, wakati mashine nimeiacha inawaka na mji wa kanga ya Idi uko nusu? Umeme wakiukata kabla sijafika Temeke, Mpangaji, nitakulaumu wewe."

Na akaingia kwenye mihogo, akitembea haraka.